Tangi la Matumbawe Lililotelekezwa: Namna ya Kulifufua Bila Kuwaua Waliobaki

Simu huwa ni ile ile. "Nimeachiwa tangi la samaki wa bahari, maji yamekuwa kama chai ya rangi, nusu wamekufa, nianzie wapi?" Leo ni mpangaji mpya aliyekuta tangi sebuleni. Kesho ni meneja aliyehamishiwa hotelini juzi. Keshokutwa ni mtu aliyepewa bure na rafiki anayehama, na vya bure unavijua. Nimechoka kueleza kwa sauti za WhatsApp, basi nimeandika mara moja.

Kabla hujagusa chochote, shika hili: usilisafishe siku ya kwanza. Walio hai mle ndani wameuzoea ule uchafu kidogo kidogo. Ukiwamwagia maji safi kwa ghafla utawaua wewe, na lawama atabebeshwa aliyelitelekeza.

Nitatumia mfano wa tangi la lita 400 lililokuwa kwenye mkahawa mmoja hapa Mombasa. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe yalikuwa kama lita 340. Kioo kilikuwa kimeota manyoya ya kijani, isipokuwa pembe moja ambayo keshia alikuwa akiikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Ndani mlikuwa na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, samaki kangaja mmoja tumbo limeingia ndani, matumbawe ya uyoga kama kumi, na tumbawe ngozi moja lililojikunja kama ngumi. Wateja walikuwa wakiwatupia chipsi.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Refraktometa ya kupimia chumvi, pamoja na maji yake ya kusawazishia ya 35 kwa elfu. Kile kipimo cha plastiki chenye mshale kitakudanganya.
- Kipimajoto.
- Vipimo vya amonia, nitrati, fosfati na alkalini. Kalsiamu na magnesi vitasubiri.
- Pipa la lita 100 na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuona sabuni wala mafuta.
- Mpira wa kunyonyea maji, mita mbili au tatu.
- Glavu ndefu za mpira na miwani ya kinga. Sababu yake iko hatua ya 8, usiiruke.
- Siki nyeupe, mswaki mkuukuu, kadi ya plastiki.
- Pampu ya hewa inayotumia betri.
- Feni ndogo. Huku pwani hita inaweza kubaki dukani.
- Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa RO (mtambo unaoyasukuma kwenye utando mwembamba). Ukiyanunua kwenye vibanda vya maji, omba yale ambayo hayajaongezwa madini, kisha yapime kwa kipima TDS, kinachoonyesha vitu vilivyoyeyuka majini. Yakisoma zaidi ya 10 tafuta kibanda kingine. Maji ya kisima cha pwani usiyajaribu, mengi yana chumvichumvi na nitrati tayari.
- Daftari. Kila namba iandikwe na tarehe yake.

Hatua ya 1: Tazama na uulize

Nenda mara mbili, mchana na usiku. Usiku beba tochi, kwa sababu kaa, kamba na minyoo hutoka gizani, na unaweza kukuta tangi ulilodhani limekufa lina wenyeji wengi. Hesabu, andika.

Kisha muulize aliyekuwa akilitunza maswali matatu. Maji yakipungua, ulikuwa ukiongeza maji gani? Dawa yenye shaba iliwahi kutiwa humu? Na aliyekufa mwisho alikufa lini, akatolewa? Swali la shaba ni zito, kwa kuwa shaba hunywewa na mawe na mchanga, kisha huwaua konokono, kamba na matumbawe muda mrefu baadaye. Ukiambiwa ndiyo, mawe hayo hayafai tena kwa tangi la matumbawe.

Kule mkahawani jibu la swali la kwanza lilinipa ugonjwa wote. Mhudumu, kijana mwenye bidii kweli, alikuwa akienda ufukweni kila jioni kuchota maji kwa mtungi na kujazia. "Si samaki wa bahari hawa?" Yakikauka maji, chumvi haikauki nayo. Lita nne zilizokauka kwa siku zikifidiwa kwa maji ya bahari huongeza kama gramu 140 za chumvi kila siku. Wiki tatu zilitosha kulitoa tangi lile kutoka 35 hadi 44 kwa elfu. Maji yaliyokauka hufidiwa kwa maji baridi, siku zote.

Hatua ya 2: Umeme

Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono. Angalia chumvi nyeupe iliyoganda kwenye plagi na soketi. Ile hupitisha umeme ikipata unyevu. Panga nyaya zining'inie chini kuliko soketi, ili tone likishuka lidondoke sakafuni. Mimi nilijifunza kwa kidole chenye kidonda kilichowashwa na umeme uliovuja kwenye pampu kuukuu, na nilikuwa na bahati nilivaa viatu vya mpira. Pampu yenye waya uliopasuka itupwe, haitengenezwi.

Hatua ya 3: Pima

Unakotaka kufika, si leo, ni huku: joto 25 hadi 27, chumvi 35 kwa elfu (1.026 kwenye refraktometa), amonia 0, nitrati chini ya 20 na fosfati kati ya 0.03 na 0.1 (miligramu kwa lita), alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, 8 au 9 kwa kizio chake kiitwacho dKH.

Katika namba hizo ni amonia peke yake inayoweza kuwa dharura. Ikionekana, kuna kitu kinaoza mahali. Kitafute leo leo, na ubadilishe maji hata kama hukupanga, kwa maji ya chumvi ile ile iliyomo tangini. Nitrati ya 100 inatisha kuiona lakini inaweza kusubiri. Tangi la mkahawa lilisoma hivi: joto 30.5, chumvi 44, amonia 0, nitrati 100.

Hatua ya 4: Hewa na mwendo wa maji

Hii ndiyo kazi pekee ya siku ya kwanza. Toa pampu moja, iloweke usiku kucha kwenye siki na maji nusu kwa nusu, isugue kwa mswaki, isuuze, irudishe. Kesho yake pampu ya pili. Usizitoe zote kwa pamoja ukaacha maji yamesimama.

Skima, ule mtambo wa kukamua uchafu kuwa povu, safisha shingo na kikombe chake tu, uuwashe. Siku mbili tatu za mwanzo itamwaga povu kama sufuria ya maziwa. Punguza kimo chake na uweke ndoo chini.

Hatua ya 5: Joto

Elekeza feni kwenye uso wa maji na ufungue kifuniko. Feni peke yake hushusha digrii 2 hadi 4, na ikishusha zaidi ya digrii 1 kwa siku, ipunguze. Fahamu kwamba maji yatakauka kwa kasi zaidi, kwa hiyo maji baridi ya kufidia yataongezeka. Chila, ile mashine ya kupoza maji, ni nzuri kwa mwenye pesa. Inatoa joto lake chumbani, ukiiweka kwenye kabati lililofungwa itajipika yenyewe.

Hatua ya 6: Rudisha chumvi mahali pake

Samaki huvumilia kushushiwa chumvi kuliko kupandishiwa, matumbawe hayapendi vyote viwili. Ikiwa imepanda kama ile ya mkahawa, toa maji kidogo ya tangi kila siku na uweke maji baridi kwa kiasi hicho hicho. Nilitoa lita 10 kila asubuhi kati ya 340. Hiyo ni karibu asilimia 3, na kwa siku 8 chumvi ikafika 35 bila hata tumbawe moja kuyeyuka. (Waliozoea matangi ya Dubai watanicheka kwa kuogopa 44, Ghuba yenyewe hupita 40 na matumbawe yanaishi. Yale yamezaliwa humo. Ya dukani kwako hayakuzaliwa humo.)

Maji baridi mimina polepole penye mkondo wa pampu, usiyamwage juu ya tumbawe.

Ikiwa chumvi imeshuka, ipandishe kwa kujazia maji ya chumvi badala ya maji baridi, na kwenye refraktometa (ile 1.026) isipande zaidi ya 0.001 kwa siku. Chumvi kavu haitiwi tangini kamwe.

Hatua ya 7: Toa uchafu, robo kwa robo

Mwani mrefu ung'oe kwa mkono huku mpira wa kunyonya ukiwa karibu na vidole, ili vipande viingie ndoo badala ya kusambaa na kuota kwingine. Usianzishe mpira kwa kuvuta na mdomo. Maji hayo yana bakteria, na ya hatua inayofuata yana mabaya zaidi.

Mchanga ndio unaoua matangi mengi yanayookolewa. Uliokaa miaka bila kuguswa una tabaka jeusi chini, lenye gesi inayonuka kama yai viza. Ukiuvuruga wote siku moja unaiachia gesi hiyo pamoja na kila uchafu uliojificha, na asubuhi utakuta samaki wamelala ubavu. Gawa sakafu ya tangi mafungu manne. Nyonya fungu moja kwa wiki, pale juu tu, sentimita mbili. Mchanga wenye kina cha zaidi ya sentimita 8 uache ulivyo.

Mawe usiyatoe kuyasugua. Yapulizie kwa pampu ndogo ya mkononi, uchafu upae, skima na soksi ya chujio vifanye kazi yao. Soksi ioshwe kila baada ya siku tatu, la sivyo inakuwa kiwanda cha nitrati.

Hatua ya 8: Palythoa, na kwa nini mawe hayachemshwi

Hapa nitakaa kidogo. Kuna matumbawe laini yanayoota kama vifungo vya koti, ya kahawia au kijani, na kwenye tangi lililotelekezwa huwa yametapakaa kwa sababu hayafi kirahisi. Baadhi yake ni Palythoa. Humo mna palitoksini, sumu iliyotolewa kwa mara ya kwanza kwenye viumbe hao kutoka Hawaii mwaka 1971, na ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana za asili. Inaingia kwa kidonda, kwa jicho, na kwa pumzi.

Kwa hiyo: mawe yenye vifungo hivyo hayachemshwi, hayamwagiwi maji ya moto, hayasuguliwi makavu kwa brashi, hayakwanguliwi nje ya maji. Watu wamelazwa hospitali, hata familia nzima, kwa mvuke wa mawe ya namna hiyo. Ukitaka kuyaondoa, toa jiwe zima chini ya maji, liweke kwenye mfuko ukiwa na glavu na miwani, uufunge, utupe. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

Aiptasia, vile vianemoni vya kahawia vyenye shina refu, visikwanguliwe: kila kipande kinaota. Changanya unga wa kalsiamu haidroksidi na maji kidogo uwe kama ugali mwepesi wa mtoto, zima pampu, uupake mdomoni pa kila kimoja kwa sindano isiyo na ncha. Vitano kwa siku vinatosha, unga huo hupandisha pH.

Hatua ya 9: Badilisha maji

Sasa ndipo. Asilimia 15 kwa wiki, maji mapya yawe na joto na chumvi ile ile. Kule mkahawani nitrati ilikuwa imeshashuka hadi 79 kwa yale maji baridi ya hatua ya 6. Nikibadilisha lita 50 kila wiki, kwa hesabu ya daftari ilipaswa kufika chini ya 20 wiki ya 9. Zilinichukua 12, kwa kuwa mawe na mchanga huendelea kutema walichomeza. Kangaja alikufa wiki ya pili. Tumbo lililoingia ndani kiasi kile mara nyingi halirudi.

Unaweza kutumia maji ya bahari, na ni bure, ila yachotwe kwa akili. Chota maji yakijaa, nje ya mwamba, kwa mashua kama unaweza. Yakipwa hubeba taka za nchi kavu kutoka vijito kama Tudor. Baada ya mvua kubwa usichote kabisa. Aprili na Mei mimi hutumia chumvi ya paketi, gramu 36 hadi 38 kwa lita ya maji ya RO, nikaikoroga kwa pampu usiku mzima kabla ya kuitumia. Maji ya bahari yachuje kwa kitambaa kizito, yafunike gizani wiki mbili, kisha yapige hewa siku moja.

Ukiwa huko baharini, chukua maji tu. Hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, haziruhusu kuondoka na jiwe wala tumbawe, na matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Vipandikizi vya matumbawe hupatikana kwa wafugaji wenzako.

Hatua ya 10: Taa

Maji ya rangi ya chai huzuia mwanga. Ukiweka mkaa wa chujio yanakuwa kioo kwa siku mbili, na matumbawe yaliyokaa kizani mwaka mzima yanachomwa kama mtu aliyetoka jela saa sita mchana. Weka nusu ya mkaa ulioandikwa kwenye pakiti, na siku hiyo hiyo shusha taa: saa 6 kwa siku, nguvu asilimia 40. Kisha ongeza kidogo kila wiki kwa wiki sita.

Hatua ya 11: Alkalini, kalsiamu, magnesi

Hii ni ya wenye matumbawe magumu. Ikiwa umebaki na uyoga na ngozi tu, maji mapya ya kila wiki yanatosha. Lengo ni kalsiamu 400 hadi 450 na magnesi kama 1300; alkalini isisogee zaidi ya dKH 1 kwa siku.

Hatua ya 12: Wageni

Konokono wa kula mwani, wachache, baada ya mwezi mmoja wa chumvi tulivu. Samaki mpya baada ya miezi mitatu. Najua mwenye mkahawa anataka rangi kabla ya Idi. Mwambie hapana.

Ukikwama

*Maji yamekuwa meupe kama maziwa.* Bakteria wamezaana. Ongeza hewa, punguza chakula, pima amonia kila siku. Huondoka ndani ya siku chache.

*Samaki wanahema juu alfajiri.* Oksijeni huwa chini kabisa wakati huo. Elekeza pampu moja itikise uso wa maji.

*Utando mwekundu mchangani.* Unyonye, ongeza mkondo pale unapoota. Antibayotiki zitaua na bakteria unaowahitaji.

*Kamasi ya kahawia yenye viputo, inarudi kila ukiisafisha.* Mara nyingi nitrati na fosfati zimefika sifuri. Toa dawa ya kunyonya fosfati, lisha zaidi kidogo.

*Nitrati imegoma kushuka.* Pima maji mapya kabla ya kulaumu tangi. Kisha tazama nyuma ya mawe na chini ya sampu, lile tangi dogo la kuchujia. Wakati mmoja nilikuta jongoo bahari ameoza ndani ya bomba.

*Tumbawe limekuwa jeupe.* Likague kwa tochi. Ikiwa nyama ipo, imekuwa angavu tu, punguza taa na joto; linaweza kurudi. Ikiwa ni mfupa mtupu, limekufa.

*Umeme umekatika.* Washa pampu ya betri, usilishe. Chujio la kopo lililofungwa likizimika saa nyingi, lioshe kabla ya kuliwasha, maana maji yaliyomo yameshakosa hewa.

*Tumbawe ngozi limejifunga na linang'aa kama limepakwa nta.* Usilitupe. Linabadilisha ngozi. Lisogezee mkondo kidogo na uliache. Lile la mkahawani lilikaa hivyo siku 11. Siku ya 12 nilikuta ganda lote limeng'oka, limenasa kwenye mdomo wa pampu na kuifanya ivume, kwa hiyo kagua pampu yako kila asubuhi wiki hizo.